Kupima mvutano wa uso wa vimiminika: mrija, matone, pete au kipande cha kioo?

Maabara_Uyole

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ulinganisho wa njia za kupima mvutano wa uso (ile nguvu inayoufanya uso wa kimiminika ujikaze kama utando) kwenye maabara ndogo, hapa Mbeya. Vinavyopimwa ni vinne: maji, spiriti, sabuni ya maji ya kwenye madumu pale Mwanjelwa, na mchanganyiko wa dawa ya kabichi uliotiwa stika (kile kinachotiwa ili dawa isambae na kushika kwenye jani). Kosa lisizidi 2 mN/m (milinyutoni kwa mita).

Vilivyopo: mizani inayosoma 0.01 g, bureti ya ml 50, kipimajoto, kalipa, stendi, sirinji na sindano zake. Mashine ya pete haipo, na fungu la kuinunua halipo. Chumba kina nyuzi 14 asubuhi, mchana kinafika 23.

Njia nilizoziorodhesha ni kimiminika kupanda kwenye mrija mwembamba, matone, pete, na kipande cha kioo kinachoning'inizwa. Mnaozijua, mnaanza na ipi, na kila moja huharibika wapi?

Mtwivila

Kamwene, mkuu. Mrija ni rahisi kuueleza ubaoni, lakini kuuamini ni kazi. Hesabu yake: γ = ρ g r (h + r/3) ÷ 2, mradi kimiminika kinalowesha kioo kabisa. γ ni mvutano wa uso, ρ ni densiti ya kimiminika, g ni mvuto wa dunia, r ni nusu ya kipenyo cha ndani cha mrija. h ni kimo kuanzia uso wa kimiminika chomboni hadi kitako cha mkunjo ulioko juu mrijani. Hiyo r/3 ni ya maji yaliyopanda kandokando ya mkunjo. Kwa g weka 9.78. Ile 9.81 ni ya vitabu vya watu wa mbali. Sisi tuko karibu na ikweta na tumepanda milima, kwa hiyo ukiitumia unajiongezea asilimia 0.3 ya bure.

Mirija ipo kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, ile ya kioo ya kupimia damu, mm 75 kwa urefu, kipenyo cha ndani mm 1.1 hadi 1.2. Chukua yenye alama ya bluu. Yenye alama nyekundu imepakwa heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kwa ndani, ikilowa inayeyukia kwenye sampuli yako.

Usiamini kipenyo kilichoandikwa kwenye kopo. Pima mirija kumi ikiwa mikavu, ijaze maji kwa kuilaza karibu mlalo (itajivuta yenyewe hadi mwisho), ifute nje, pima tena. Kwa r ya mm 0.55, mirija kumi inabeba kama 0.71 g. Gawa kwa kumi, kisha r ni kipeuo cha pili cha m ÷ (ρ π L), m ikiwa uzito wa maji ya mrija mmoja na L urefu wake. Mizani yako ya 0.01 g inatosha hapo, maana kosa la uzito la asilimia 1.4 linakuwa 0.7 tu kwenye r.

Sasa ubaya wake. Kwa r hiyo maji ya nyuzi 20 yanapanda karibu mm 27, spiriti mm 10 na ushei. Jicho na rula vinakupa nusu milimita: kwenye maji ni asilimia 2, kwenye spiriti ni 5. Ukitafuta mrija mwembamba zaidi, kimo kinaongezeka lakini kuusafisha ndani kunakuwa balaa.

Kosa linalofanyika zaidi ni chombo kidogo. Ukisimamisha mrija ndani ya kichupa cha sm 2, maji ya chomboni nayo yamepanda kandokando, hujui usawa wa kuanzia. Tumia bakuli la sm 6 au zaidi. La pili, watu wanasoma kimo maji yakiwa yanapanda. Zamisha mrija kwanza, halafu uinue taratibu ili maji yateremke hadi yatulie, hapo ukuta wa ndani tayari umelowa. Ukizamisha na kuinua mara tatu ukapata vimo vitatu tofauti, mrija mchafu. Tupa, chukua mwingine.

Kwa sabuni ya maji sikushauri kabisa. Mrija una ukuta mwingi na kimiminika kidogo, sabuni inajibandika ukutani na juu kinabaki kitu ambacho si sampuli uliyoanza nayo.

Bikari

Nakubaliana na Mtwivila kwenye sabuni. Mkuu, kwa vifaa ulivyotaja njia yako ni uzito wa matone, na mizani ya 0.01 g haikwamishi, kwa sababu unapima matone 50 kwa pamoja.

Kinachotakiwa ni ncha bapa. Chukua mrija wa kioo wenye kipenyo cha nje mm 5, uunganishe chini ya bureti kwa kipande cha mpira. Ncha isage juu ya kioo bapa kwa msasa wa maji namba 400, malizia na 1000, ukiushika mrija wima na kuuzungusha. Ukingo wa nje uwe mkali kama wa sarafu mpya. Ule mviringo laini unaotokana na kuchomwa kwenye moto haufai, tone halijui likamate wapi.

Bureti iwe wima, ncha isimame sm 3 juu ya mdomo wa kichupa chenye shingo nyembamba ulichokwisha kukipima. Fungua koki hadi upate tone moja kila sekunde 5. Kwa sabuni sogeza hadi sekunde 20 au 30. Acha matone matano ya kwanza yaende kwingine, kisha pokea 50, pima.

Sasa hesabu. Tate mwaka 1864 alisema uzito wa tone ni 2πrγ. Si kweli kamili, kwa sababu tone likikatika sehemu yake inabaki juu kwenye ncha. Harkins na Brown mwaka 1919 walitoa jedwali la kusahihisha: mg = 2πrγ·f. Hiyo f inategemea x, yaani r ya nje ya ncha ukigawa kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa tone moja:

x 0.50, f 0.6515
x 0.60, f 0.6250
x 0.70, f 0.6093
x 0.80, f 0.6000
x 0.90, f 0.5998

Mfano kwa ncha ya mm 5. Maji ya nyuzi 20 yenye 72.8 mN/m: tone moja ni mg 73, matone 50 ni 3.65 g. Ujazo wa tone ni mm³ 73, kipeuo chake cha tatu 4.18, x ni 2.5 ÷ 4.18 = 0.60, f 0.625. Inafunga. Ethanoli safi yenye 22.3 mN/m: tone ni mg 21.5, matone 50 ni 1.07 g, x inakuja 0.83, f 0.5995.

Angalia sasa mtu anayeruka jedwali. Anasema ethanoli ni 72.8 × 1.07 ÷ 3.65, anapata 21.3. Akitia uwiano wa f, yaani 0.625 ÷ 0.5995, anapata 22.3. Asilimia 4 zimepotea kwa uvivu wa kusoma mistari mitano. Ukipima kwa kulinganisha na maji hivyo, kosa la kalipa na la g karibu yote yanajifuta.

Usitumie sindano ya sirinji. Imekatwa mshazari, na hata ukiisaga bapa, ni nyembamba mno: x inashuka hadi 0.2 na kitu, pale f inabadilika haraka. Ncha nene ndiyo inayosamehe.

SabuniMadumu

Bikari, swali. Kwenye sabuni hiyo sekunde 20 inatoka wapi? Wengi tunahesabu matone ya ml 5, yakiwa mengi sabuni ni kali, basi.

Bikari

Kuhesabu matone ya ujazo fulani kunakupa kitu kile kile kwa mlango wa nyuma: γ ≈ γ ya maji × (n ya maji × ρ) ÷ (n × ρ ya maji), n ikiwa idadi ya matone. Kwa kulinganisha dumu na dumu linatosha, ila umeiacha f na unabaki na kosa la tone zima mwanzoni na mwishoni.

Sekunde 20 ni kwa ajili ya chembe za sabuni. Tone linapovimba uso mpya unazaliwa kila wakati, na sabuni inatakiwa itoke ndani ifike usoni. Ukidondosha haraka unapima uso ambao haujapata sabuni yake, namba inatoka juu. Jaribu sekunde 5, 15, 30. Uzito wa tone ukiacha kupungua, umefika. Na ukifungua koki sana hata maji yenyewe yanadanganya, tone linasukumwa na mkondo linatoka zito kuliko haki yake.

Mizani_Chunya

Mnazunguka mbuyu. Njia ya nne ndiyo bora kuliko zote tatu kwa pesa hiyo hiyo, sharti moja tu: apate mizani ya 0.001 g. Wanunuzi wa dhahabu Chunya wanazo ndogo za kuweka mezani, si kitu cha kuagiza nje. Njia yenyewe ni ya Wilhelmy, 1863, na haina f wala jedwali: kani = γ × mzingo wa kipande, kama kimelowa kabisa.

Kipande ni kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi za hadubini, mm 22 kwa 22, unene mm 0.15 hivi. Mzingo ni 2 × (22 + 0.15) = mm 44.3. Maji ya nyuzi 20 yanakivuta kwa milinyutoni 3.2, kwenye mizani ni 0.330 g. Kwa mizani ya 0.01 g unasoma 0.33 na kosa la asilimia 3, ndiyo maana nasema atafute ya 0.001.

Kioo hakikai kwenye mizani. Kinachokaa kwenye mizani ni bakuli la kimiminika, la sm 6 au 7. Kioo kinabanwa juu kwa klipu ya mamba kwenye stendi. Mizani inawekwa sifuri bakuli likiwa juu yake. Kioo kikigusa uso, kimiminika kinakivuta chini, nacho kioo kinavuta kimiminika juu, kwa hiyo mizani inasoma hasi: −0.330 g. Watu wakiona hasi wanadhani mizani imeharibika.

Sehemu ngumu ni kushusha taratibu. Kifundo cha stendi kinaruka. Tengeneza kibao kinachopandishwa na boliti ya M6, ambayo mzunguko mmoja ni mm 1 kamili, ukizungusha robo umesogea robo milimita. Zamisha kioo mm 3 kilowe, kisha kipandishe mpaka ukingo wake wa chini ulingane na usawa wa maji, soma hapo. Ukisoma kikiwa kimezama mm 1, kimesukuma mm³ 3.3 za maji, sawa na mg 3.3, tayari asilimia 1 imeondoka. Ukingo wa chini nao uwe mlalo. Ukiona kona moja inagusa kabla ya nyingine, rekebisha klipu.

Funika kila kitu kwa boksi la katoni lenye dirisha la nailoni. Upepo ukiwa kama ule wa Makambako, tarakimu ya mwisho haitulii hata kwa dakika moja. Na baada ya kusoma, nyanyua kioo kiachie, angalia mizani imerudi sifuri. Kama inasoma −0.006, hizo ni maji au spiriti iliyopaa pamoja na matone yaliyobaki kwenye kioo. Kwa spiriti fanya haraka, sekunde 30 zisipite.

Sabuni inapimwa bila kuhesabu sekunde: unaacha kioo kimegusa, unatazama namba ikishuka hadi itulie. Hilo matone hayakupi.

Bikari

Inakubalika, ila taja na pa kuanguka. Mvutano uliosoma ni γ × cos ya pembe ya mgusano, yaani pembe ya kimiminika pale kinapokutana na kioo, ambayo ni sifuri kioo kikilowa kabisa. Kioo kikiwa na alama ya kidole, pembe si sifuri tena na namba inashuka kimyakimya. Kwenye matone uchafu wa ncha unaonekana kwa macho, tone linakaa upande.

Mizani_Chunya

Kweli, na kuna mtego mbaya zaidi ya kidole. Kemikali za kulainisha nguo na baadhi ya dawa za kuulia vijidudu zina chaji chanya, kioo kina chaji hasi. Zinajipanga juu ya kioo, mkia wake unaokataa maji ukiwa nje, kioo kinaanza kukataa maji kama kimepakwa nta. Hapo utapata namba ya chini sana na utaisifu dawa bure. Kwa vimiminika vya aina hiyo badilisha kioo kwa karatasi ya kuchujia iliyokatwa upana wa mm 20. Iache inywe hadi ishibe, inyanyue, weka mizani sifuri upya, ndipo uiguse tena na kusoma. Ukisahau kuishibisha, inanyonya kutoka bakulini na mizani inahesabu kinywaji chake kama kani.

Kusafisha kioo: sabuni, suuza mara kumi kwa maji safi, spiriti, suuza tena, kisha kipitishe juu ya mwali wa taa ya spiriti sekunde moja moja. Ukikiacha kwenye mwali kinapinda. Kishike kwa kibanio tu. Maji yakitandazwa juu yake yabaki shuka moja. Yakijikusanya visiwa visiwa, rudia.

Kitulo_Baridi

Nizungumzie pete kidogo, mkuu asije akajuta kuikosa. Pete ya du Noüy ni ya waya wa platini na iridi, mzingo sm 6 kwa kawaida. Inavutwa juu hadi kabla ya utando kukatika. Waya una uso wa ndani na wa nje, kwa hiyo kani ni γ × mara mbili ya mzingo: maji yanaivuta kwa karibu 0.89 g, halafu inasahihishwa kwa jedwali la Harkins na Jordan (1930) au kwa fomula ya Zuidema na Waters (1941). Ni njia ya kiwandani. Mafuta ya transfoma hupimwa hivyo yakiwa juu ya maji, mapya yakizidi 40 mN/m na yaliyochakaa yakishuka sana.

Ukifikiria kujikunjia pete ya waya wa shaba, kumbuka pete ikiinama nyuzi 1 tu kosa ni asilimia 0.5, ikiinama nyuzi 2 na kidogo ni 1.6. Pete ya kukunja kwa mkono haiwi bapa kiasi hicho. Kipande cha kioo kimetoka kiwandani kikiwa kimenyooka, kwa nini uhangaike.

Lingine ni joto. Maji ni 74.2 mN/m kwa nyuzi 10, 73.5 kwa 15, 72.8 kwa 20, 72.0 kwa 25. Kati ya asubuhi yako na mchana wako kuna zaidi ya 1 mN/m, nusu ya kosa ulilojiruhusu. Weka sampuli ndani ya karai la maji la nyuzi 20, pima joto ndani ya sampuli yenyewe. Kipimajoto cha ukutani hakijui lolote kuhusu bakuli lako.

Pixel_Mafiati

Na simu mmeisahau. Tone linaloning'inia kwenye sindano, picha ya karibu, programu huria kama OpenDrop inasoma umbo na kutoa γ. Kipimo cha picha unakipata kwenye sindano yenyewe, hivyo kipenyo chake cha nje kipimwe vizuri. Mwanga uwe nyuma ya tone kupitia karatasi nyeupe, lenzi iwe usawa wa tone, na uzi wenye nati uning'inie kwenye picha kuonyesha wima. Tone liwe kubwa, karibu na kudondoka. Dogo ni la mviringo kama gololi, umbo lake halibebi habari yoyote ya uzito, na programu itakupa namba yoyote ile bila aibu. Densiti ya kimiminika uijue kabla.

Faida ni kwamba ml 1 inatosha. Kwa sampuli za lita nzima sioni sababu.

Kabichi_Njombe

Samahani niingilie kwenye ile sampuli ya nne. Kwa dawa ya kupiga shambani, namba iliyotulia ni nusu ya habari. Jani la kabichi lina nta, maji matupu hujikunja juu yake kama shanga na kubingirika. Lakini tone la bomba linatengenezwa na kufika kwenye jani kabla sabuni au stika haijamaliza kufika usoni. Kioo cha Mizani_Chunya kinangoja dakika mbili, bomba halingoji. Stika mbili zinaweza kusoma 30 zote kwenye mizani, moja ikasambaa na nyingine ikarudi kuwa shanga.

Njia ya haraka ni presha ya kiputo. Mrija ule ule wa damu unaupeleka mm 10 chini ya uso, unasukuma hewa ndani yake, unasoma presha ya juu kabisa kabla kiputo hakijaachia: P = ρ g d + 2γ/r, d ikiwa kina cha ncha ya mrija chini ya uso. Kwa r ya mm 0.55 maji yanatoa mm 27 za maji juu ya zile 10 za kina, unasoma 37 kwenye mrija wa U wenye maji unaopimia presha. Mrija wa U ukiulaza nyuzi 30 kutoka mlalo, urefu unaosoma unaongezeka mara mbili. Hewa itoke kwenye chupa iliyofungwa, maji yakidondokea ndani yake taratibu. Linganisha na maji kwanza, kisha badilisha kasi: kiputo kwa sekunde moja, kisha vitano kwa sekunde. Stika ambayo namba yake haipandi sana kasi ikiongezeka ndiyo inayofanya kazi kwenye bomba.

Kipimo kilichotulia kina matumizi yake lakini, kujua kiasi. Changanya lita 1 moja moja zenye stika ml 0.25, 0.5, 1, 2 na 4, pima zote, chora γ dhidi ya kipimo, ukipanga vipimo kwa hatua za kuzidisha mara mbili. Mstari unashuka, unafika mahali unalala. Pale unapolala ndipo uso umejaa, kinachoongezwa baada ya hapo hakishushi mvutano tena. Ukizidisha sana kwenye bomba la lita 16 dawa inatiririka hadi kwenye udongo. Tumia maji yale yale ya shambani: sabuni ya mafuta kwenye maji magumu inaganda kuwa utando mweupe, haibaki ya kutosha kushusha chochote.

Maabara_Uyole

Nimewaelewa. Naanza na matone kwa mizani iliyopo, ncha ya mm 5 nitaisaga. Kioo baadaye mizani ya 0.001 ikipatikana. Mawili yamebaki: maji ya kulinganishia niyatoe wapi, na matone yakinipa maji 66 badala ya 72.8, naanza kutafuta wapi?

Bikari

Maji: yaliyotoneshwa maabara, au maji ya betri ya kituo cha mafuta, ila soma chupa vizuri. Kuna maji ya kuongezea na kuna asidi, na zinakaa rafu moja. Ya mvua kutoka kwenye bati usitumie.

Ukipata 66, joto si mkosaji. Hata nyuzi 30 zingekupa 71 na ushei. Tazama ncha kwanza, kwa kurunzi, tone likivimba. Likiwa limekamata ukingo wa ndani au nusu yake, ncha ina mafuta: r uliyoiweka kwenye hesabu ni kubwa kuliko ile tone linayoijua. Safisha kwa sabuni, suuza, spiriti, suuza. Ikiwa limekamata ukingo wa nje vizuri, gusa meza wakati linavimba. Kama linadondoka mapema, friji au feni au mlango unatikisa stendi. Sogeza, au weka stendi juu ya mfuko wa mchanga.

Vyote vikiwa sawa, mkosaji ni maji, au grisi ya koki ya bureti inayeyuka kidogo kidogo ndani yake, hasa ukipima spiriti halafu ukarudi kwenye maji. Bureti yenye koki ya tefloni haihitaji grisi.

Kipimo cha maji cha bei ya bure: jaza bakuli safi, kwaruza chembe mbili tatu za kafuri zidondoke juu. Kafuri halisi, si vile vidonge vya kufukuzia mende. Maji safi, chembe zinakimbiakimbia na kuzunguka kama zimepagawa. Zikilala tu hazisogei, uso una mafuta. Fagia uso kwa ukanda wa karatasi safi kutoka ukingo hadi ukingo, weka chembe nyingine. Zikianza kucheza, uchafu ulikuwa juu tu, umetoka bakulini au mikononi. Zikigoma tena baada ya dakika chache, uchafu umo ndani ya maji, mwaga. Na bakuli lililowekewa kafuri usilipimie kitu, kafuri yenyewe inashusha mvutano.

SabuniMadumu

Na kwa dumu la sabuni, nipime kama lilivyo?

Mizani_Chunya

Hapana, zimua. Sabuni ya dumu ni nzito kama uji, haitoi tone la maana na kwenye kioo inakokota. ml 2 kwa lita 1 ya maji, koroga bila kupiga povu, iache ikae nusu saa. Povu lililobaki juu liondoe kwa karatasi kabla ya kushusha kioo, kiputo kimoja kikishika ukingo mizani inasoma upuuzi. Pima maji kwanza, sabuni mwisho, kamwe usirudi nyuma bila kusafisha kila kitu upya.